Mayai ya Chunguni kwa Bi Nungu

Mlango umeufunga, na komeo umetia;
Jirani unamchunga, ndani nani atulia?

Paukwa, enyi mlioketi mbele na mliosimama nyuma! Pakawa, nimewasikia.

Zamani hizo kiangazi kililikausha bwawa, likabaki tope. Vyura wakafa. Mbu wakazaliana, zzz, zzz, na homa ikaingia kila nyumba. Nungunungu, tumwite Bi Nungu, alikuwa na mwana mmoja tu, na mwana huyo alikuwa mkekani, hajiwezi.

Bi Nungu akaenda topeni akaokota vyura wawili wa mwisho, wale wenye kucha miguuni, mume na mke. Akawatia chunguni kwake. Akawatulizia maji, akawatilia majani, akawapa minyoo. Akafunika, akaweka jiwe juu, maana vyura wale huruka.

"Zaeni," akawaambia. "Mvua ikinyesha nitawapeleka wanenu bwawani, wawale mbu wangali wadogo majini."

"Tutazaa, shoga yangu," akasema Mama Kucha, yule chura mke. Hakuwa na ulimi kinywani, lakini maneno hayakumwishia.

Mume akaimba chini ya maji, kirrr, kirrr. Kulipokucha, mayai yamenata kwenye majani. Kenge, jirani aliyekulia bwawani, akapiga hodi.

"Hongera, Bi Nungu. Sasa wahamishe wazee. Kwetu bwawani chura akishataga huenda zake."

Bi Nungu akamtazama anavyolamba midomo. "Nimtenge mzazi kabla ya arobaini? Nani alikufunza hayo? Au wataka mayai yabaki peke yake, nawe upite?"

"Basi, yaishe," akasema Kenge.

Kwa wanyama wale mzazi hatengani na mwanawe hata arobaini ipite. Bi Nungu akamwacha Mama Kucha ndani. Akafunika, akaweka jiwe.

Kesho yake, maji matupu.

"Pole, shoga," Mama Kucha akasema kwa sauti ya msibani. "Nilisikia mkia nje, buru, buru."

Bi Nungu akasimamisha miiba, akaenda kwa Kenge. "Hama."

"Bi Nungu, mwanao anaumwa, mimi nilitaka..."

"Mwanangu usimtaje. Hama."

Kenge akahama na wanawe, asiage mtu.

Kirrr, kirrr. Mayai tena. Safari hii Bi Nungu akaziba kifuniko kwa udongo, ukakauka ukawa mgumu. Asubuhi akabandua, maji matupu.

"Pole, shoga. Leo nimesikia mabawa, pu, pu."

Jirani mwenye mabawa alikuwa Korongo, naye ndiye aliyebaki karibu.

"Mimi?" akauliza Korongo.

"Una mdomo mrefu."

"Mrefu, ndiyo. Haupiti kwenye udongo uliokauka."

"Wezi wana njia zao."

"Basi mayai yakija nitasimama mbele yako kutwa nzima. Kaa unitazame ushibe."

Kirrr, kirrr. Mayai yakaja alfajiri. Bi Nungu akaziba, akakaa. Korongo akasimama kwa mguu mmoja. Bi Nungu akautazama mdomo. Akayatazama mabawa. Korongo naye akaitazama miiba. Ndani, pwata. Kimya. Pwata.

"Umesikia?" akauliza Korongo.

"Usinizungushe. Simama nikuone."

Pwata.

Jua likageuka. Korongo akasema, "Umenitazama mimi tangu asubuhi. Chungu umekitazama saa ngapi?"

Bi Nungu akaubomoa udongo. Mama Kucha alikuwa juu ya majani, mikono yote miwili kinywani, ute wa mayai unaning'inia vidoleni.

"Nilikuwa nawapakata," akasema, mdomo umejaa.

"Na ule mkia? Na yale mabawa?"

Chura akameza. "Kitu kidogo kikiwa mbele yangu, mkono wenyewe unakwenda. Ningesema kweli, ungenitoa. Lakini aliyenifungia nao, akaweka na jiwe, ni nani?"

Bi Nungu akawahamishia wazee chungu kingine. Chini ya jani moja palisalia mayai machache, yakaanguliwa. Viluwiluwi wakaelea vichwa chini, naye akawalisha mchicha uliokaushwa ukasagwa mpaka ukawa vumbi. Wakaota miguu, wakaota kucha. Mvua ikanyesha, akawapeleka bwawani. Mbu wakapungua. Mwanawe akainuka mkekani, akaomba uji.

Ndipo Bi Nungu akaenda kumtafuta Kenge amtake radhi, labda amerudi. Akakuta pango tupu, buibui wametanda mlangoni. Akamwita mpaka sauti ikamkauka. Hakuitikiwa.

Wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: ukipotewa na kitu, tazama ndani ya nyumba yako kabla hujamfukuza jirani, na ushauri mwema usiukatae kwa kuwa humpendi aliyeutoa.

Ngano yangu naitua hapa. Chungu kipo hata leo, na Bi Nungu hata leo hakiamini. Kando ya chungu, katika majirani wote, aliyebaki amesimama ni Korongo, kwa mguu mmoja.