Nyuki wa Chombo cha Mbali

Mwanamke mmoja alikuwa na shamba lisilozidi upana wa meza ya chakula, na hakuna mkulima aliyewahi kulima mbali kama yeye. Shamba lenyewe lilikuwa ndani ya chombo kilichokuwa kikienda Mirihi, ile sayari nyekundu, safari ya miaka kwenda na kurudi. Mwanamke huyo aliitwa Namkunda, mzaliwa wa milima ya Upare. Dirishani mwake dunia yote, pamoja na bahari zake na milima yake na makaburi ya babu zake, ilikuwa imebaki nukta moja ya buluu, unaweza kuifunika kwa ncha ya kidole. Kila alipoitazama alishikwa na ule woga unaomfanya mtu ashushe sauti bila kuambiwa.

Walikuwa watatu chomboni. Kapteni Haroub aliongoza. Lwitiko, fundi, alitunza mtambo wa kusafisha hewa na maji. Mtambo huo ukifa na fundi hayupo, hakuna atakayerudi nyumbani. Kazi ya Namkunda ilikuwa kuwalisha. Chakula kilikuwepo tele, kimekaushwa na kufungwa katika pakiti: wali, maharage, samaki, hata pilau. Lakini chakula kilichokaa sana hujaza tumbo tu. Nguvu yake ilikuwa ikififia mwezi hadi mwezi, na vidonge vya kuziba pengo navyo vikachakaa vilevile. Wa kwanza kuangushwa na upungufu huo alikuwa Lwitiko. Fizi zikaanza kumtoka damu, na vidonda vidogo vikakataa kupona. Mwisho akageuzia uso ukutani, hataki kula wala kuongea, na mtambo ukaanza kukohoa bila mtu wa kuusikiliza.

Basi matumaini yote yakahamia kwenye lile shamba la upana wa meza, la mchicha na nyanya. Namkunda alijua hivyo, na huruma ikamharakisha. Alikuwa amefundishwa kwamba huko maji hutolewa kwa matone. Lakini mkono una kumbukumbu yake. Kwao, zamu ya familia ikifika, ndiva hufunguliwa, lile bwawa la kijiji, na mama yake alikuwa akiuachia mfereji mpaka udongo ung'ae. Kuunyima mmea maji siku ya zamu ilikuwa aibu. Kwa hiyo Namkunda akafungua maji kwa moyo wake wote. Lakini huko, ambako kila kitu huelea, maji hayajui chini ni wapi. Hayatiririki, hayazami. Yaliifuata mizizi, yakaizingira kama blanketi lililolowa, yakaizibia pumzi. Majani yakalegea. Yeye akadhani ni kiu, akaongeza.

Mchicha ukafa wote, nyanya nazo zikafa. Msimcheke, nyinyi mliowahi kumshindilia mtoto uji mpaka akatapika, kisha mkasema hajashiba. Namkunda aliing'oa mizizi iliyooza mmoja mmoja, na uchungu wake haukuwa na pa kwenda, maana chombo ni kidogo na kila mtu husikia kila kitu. Ulibaki mche mmoja wa nyanya pembeni kabisa. Mrija wake wa maji ulikuwa umeziba bila yeye kujua. Ule aliousahau ndio uliopona.

Tangu hapo akajifunza kupenda kwa kipimo: kitambaa chenye unyevu kwenye mizizi, na feni ndogo ya kuipepea. Mche ukakua, si kwenda juu, maana huko juu hakuna, bali kuifuata taa. Ukachanua maua ya manjano. Harufu ya majani yake ikajaa chomboni, harufu kali ya shamba asubuhi, na Kapteni Haroub, mtu wa mahesabu asiyepoteza neno, akaja kuutazama kama aliyeingia nyumba ya ibada.

Lakini maua yakaanza kukatika, moja baada ya jingine, yakaelea hewani bila kuzaa. Hapakuwa na upepo wala mdudu wa kuyahamishia ungaunga wake wa manjano. Ilitakiwa mtu ayaguse kwa brashi ndogo, ua kwa ua, kila siku, kwa mkono uliotulia. Namkunda akaitazama mikono yake. Hakuiamini tena, tangu ilipoua shamba zima kwa ukarimu. Kapteni naye alikuwa akibeba kazi yake na ya fundi, hana hata nafasi ya kulala. Namkunda akachukua brashi, akaenda kwa mgonjwa.

"Dada, niache," alisema Lwitiko bila kugeuka. "Mnanilisha bure. Sina kazi tena."

Kwa muda wote wa ugonjwa walikuwa wamembembeleza, wamemfunika, wamemwekea pakiti zilizo bora, na hawakumwomba kitu. Namkunda akaiweka brashi kiganjani mwake.

"Kaka, huku hakuna nyuki," alisema. "Nyuki ni wewe."

Lwitiko aliifumba brashi kiganjani. Kisha akageuka. Akajivuta taratibu, akishika vyuma, mpaka kwenye ule mche, na vidole vilivyozoea skrubu ndogo kuliko punje ya mtama vikaligusa ua la kwanza bila kulitikisa. Kesho yake akarudi. Alikula alichopewa ili apate nguvu ya kurudi tena.

Likaja tunda. Lilikuwa kijani, likawa njano, likawa jekundu, na siku ya kulikata hakuna aliyetaka kushika kisu. Hatimaye wakaligawa mafungu matatu. Maji ya nyanya yakaelea mbele yao kama shanga nyekundu, wakayakimbilia kwa midomo wakicheka kama watoto. Lwitiko alilia, na machozi, kwa kuwa huko hayadondoki, yakakaa machoni mpaka yakafutwa kwa kitambaa. Kitambaa kikapelekwa kwenye mtambo, kama jasho lao lote na mvuke wa pumzi zao zote, visafishwe, virudi kwenye mizizi. Ndipo Namkunda alipotambua alichokuwa akitafuna. Ilikuwa pumzi ya Haroub na jasho la Lwitiko, na kilio chake mwenyewe cha siku ile ya mizizi iliyooza, vimemrudia vikiwa vitamu. Akatazama ile nukta ya buluu dirishani, ambako tangu mwanzo watu hunywa maji yaleyale waliyokunywa babu zao.

Nyanya moja haiponyi fizi. Lakini mbegu zake zilipandwa, na nyingine zikafuata, na fundi akapona. Mtambo ukapata tena wa kuusikiliza, na chombo kikarudi nyumbani.

Nanyi, ndugu zangu, mnaoishi kwenye mvua na nyuki wa bure: ni nani nyumbani kwenu aliyegeukia ukuta, mnayemmwagia maji kila siku, na hamjawahi kumpa brashi?