Shahidi wa Bi Mize

Palikuwa na Sultani mmoja akiitwa Mwinyi Hatibu, na Sultani huyu alichukia kona. Msicheke, ndivyo alivyokuwa. Alinunua gari la farasi, akatoa amri: njia itoke mlangoni pa jumba lake mpaka shamba lake la mikarafuu, imenyooka, na chochote kilichosimama mbele kiondoke.

Mbele palisimama mkwaju. Mkwaju mkongwe, jamani! Babu zetu waliukuta, na babu zao waliukuta vilevile. Mashoka yakaanza asubuhi, jioni ukaanguka, mji mzima ukalia. Hata leo nikisimulia inaniuma.

Nyuma ya kisiki palikuwa na kibanda cha Bi Mize, mjane mpika vitumbua, maskini wa mali lakini si wa maneno. Sultani akaja mwenyewe, na kadhi wake na askari.

"Hama," akasema. "Njia inapita hapa."

"Ipite, Bwana Mkubwa. Mlango uko wazi. Iingie, ile kitumbua, itokee uani."

"Unanifanyia mzaha?"

"Uliyeanza mzaha ni wewe. Unamwambia mtu ahame kwake."

"Kwako! Nani alikupa?"

"Wazee wa mji. Walimpa babu yangu kiwanja hiki mbele ya watu, chini ya mkwaju huo uliolala."

"Mashahidi wako wapi?"

"Wamekufa wote. Alikuwa amebaki mkwaju."

Sultani akacheka mpaka akajishika mbavu. "Basi na huyo kafa! Kadhi, toa hukumu."

Kadhi, masikini, alimtazama Sultani kwanza, ndipo akakohoa. "Aliyepewa kitu chini ya mkwaju, na mkwaju haupo, hana kitu."

"Umesikia, mwanamke?"

"Nimesikia. Ila mimi mtu wa jikoni, kichwa changu kizito. Hukumu hiyo ni ya wapika vitumbua peke yao?"

"Ya kila mtu! Kwangu hakuna upendeleo."

"Hata awe mkubwa vipi?"

"Hata awe nani! Nimeapa mbele ya kadhi. Haya, toka!"

Bi Mize akageuza kitumbua kilichokuwa kinataka kuungua, akafuta mikono kwa kanga.

"Nafunga mzigo wangu, Bwana Mkubwa. Na wewe nenda kafunge wako. Hivi babu yako, siku wazee wa mji walipompa usultani, walimpa chini ya mti gani?"