Mgongo Uliokwenda Vitani

Nipeni masikio, huruma zenu bakini nazo. Nataka mwamue, maana wenye kazi ya kuamua walishaamua ovyo.

Mjini Songea walikuwepo watu watatu. Eusebia, ambaye wote walimwita Mama Osmunda, alijua kutunza siri. Ukimwambia jambo, hulisikii tena popote. Koplo mstaafu Ndunguru alijua kusema. Wastaafu wa jeshi walimchagua mwenyekiti wao kwa mdomo huo, na akisimulia doria za mpakani, hata waliokuwa naye walishangaa kumbe walikuwa mashujaa. Dokta Hyera wa hospitalini alijua kuandika: mstari wake mmoja ulitosha kumpa mtu haki yake, au kumnyima.

Aliyewakutanisha ni Sajenti mstaafu Gervas Mapunda, mume wa Eusebia. Aliumia goti kazini, alipoanguka kutoka kwenye lori la jeshi, na goti hilo bodi ya fidia ililikubali zamani. Lakini mtu akichechemea miaka na miaka, mzigo wote unahamia mgongoni. Pingili zikasagika, miguu ikaanza kufa ganzi. Alihitaji upasuaji kabla miguu haijakwisha kabisa, na bodi hugharimia tu maradhi yaliyotokana na utumishi.

Akaenda. Ofisa akamtazama, akacheka.

"Afande, goti tunalijua. Sasa na mgongo nao ulikwenda vitani?"

"Ulikuwa nyuma yangu muda wote," akajibu Sajenti.

Ofisa akaacha kucheka. "Lete ushahidi wa daktari kwamba mgongo umetokana na goti. Tulio nao hapa unasema ni uzee."

Uzee! Na aliyeandika neno hilo ni Dokta Hyera. Ikabidi Sajenti arudi kwake. Dokta akamuuliza anaumwaje. "Kidogo tu," akasema, kifua mbele, kama yuko kwenye gwaride. Dokta akaanza kufunga faili.

Mama Osmunda alikuwa amekaa pembeni. Akasema, "Dokta, mume wangu anakuficha. Mkojo unamtoka bila kujua."

"Eusebia!"

"Nyamaza, Baba Osmunda. Godoro naanika mimi. Majirani wakiuliza, nawaambia ni langu. Nikipita wanaziba pua, wananiita Mama Kisima, na mimi nacheka nao. Nimecheka vya kutosha."

Sajenti akafunika uso kwa viganja. Dokta akaweka kalamu chini. Mkojo wa namna hiyo, kwa mtu mwenye ganzi miguuni, unaonyesha kwamba mishipa ya fahamu imebanwa mgongoni. Uzee peke yake haufanyi hivyo.

"Lakini bodi wataniuliza ulianza lini," akasema. "Nani alikuona ukipinda ukiwa bado jeshini?"

Sajenti alimjua aliyemwona, ila hakutaka kumtaja. Mke wake akamtaja.

Koplo Ndunguru alikuja hospitalini amevaa suti. Alikaa, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ile redio ya mawasiliano ilikuwa zamu yangu kubeba," akasema mwishowe. "Goti lake lilikuwa bado bichi. Nikasema nina homa. Sikuwa na homa, dokta. Nilikuwa na woga. Akaibeba yeye, milima kupanda na kushuka, na aliporudi hakuweza kunyooka."

"Utayasema haya mbele ya bodi?"

"Watu nimewasimulia miaka yote kwamba niliibeba mimi." Akamwangalia Sajenti. "Na wewe ulikuwa umekaa palepale, unanisikiliza!"

"Ulikuwa unaisimulia vizuri," akasema Sajenti.

Ndunguru akaenda kwenye bodi, akasema yote, milango imefungwa.

Zamu ikawa ya Dokta Hyera. Safari hii alimlaza Sajenti kitandani, akapapasa pingili moja moja, akagonga magoti, akasoma picha za mgongo. Angeweza kuandika maoni mapya na ya zamani akayapita kimya. Lakini bodi ingekuta maoni mawili ya mkono mmoja, ikachagua yale ya bei rahisi. Kwa hiyo alianza hivi: "Maoni yangu ya kwanza hayana msingi. Sikumpima mgonjwa huyu. Niliangalia umri wake tu." Ndipo akaeleza jinsi goti lilivyouharibu mgongo.

Mkubwa wake akamwita. "Unajivua nguo mwenyewe?"

"Nilianza kumvua yeye, mzee."

Akaitwa kwenye kamati ya nidhamu, na bado hajui hatima ya kazi yake.

Bodi ikakubali. Ushahidi wa mmoja wao ungekosekana, isingekubali. Sajenti akapasuliwa. Leo anatembea kwa fimbo, na godoro ni kavu.

Sasa sikilizeni. Wastaafu wa pale wana desturi yao: anayepata haki yake huchukua bereti yake ya kazini na kumvika mtu mmoja aliyempigania, hadharani. Na lazima aseme mtu huyo alifanya nini. Kuvika kimyakimya hakuruhusiwi.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa, majirani wakiwemo. Sajenti akimvika Ndunguru, mwenyekiti atajulikana kuwa mwoga mbele ya watu aliowadanganya. Akimvika Dokta, watasikia jinsi alivyomwandikia uzee mtu ambaye hakumgusa. Akimvika mke wake, ataitangaza aibu yake mwenyewe; asipomvika, mke ataendelea kuibeba kwa niaba yake.

Wote watatu wamekaa mstari wa mbele, macho sakafuni. Ndunguru, kwa cheo chake, ndiye aliyelazimika kusimama na kusema, "Haya, Sajenti, tuambie."

Sajenti akasimama, amenyooka. Akamtazama mke wake. Mama Osmunda akatikisa kichwa kidogo: usiseme. Nyuma yake jirani mmoja alikuwa ameziba pua kwa mtandio, kwa mazoea tu.

Bereti i mkononi, nayo ni moja. Nanyi msitazame sakafuni. Wewe ungemvika nani, na ungesema nini watu wakikusikia?