Mshindi Habanduki

Kabla hatujakimu swala nina mfano wa kuwapa, na leo si wa kuchekesha. Ukimchoma mtu, na umchome.

Mtu mmoja alifunga safari kwenda mji wa kale, ule wa vichochoro vyembamba na milango ya nakshi ambao wageni huja kuupiga picha. Yeye hakwenda kupiga picha. Kaka yake wa tumbo moja alikuwa akiishi huko, na walikuwa hawasemezani tangu siku mama yao alipozikwa. Kisa? Huyu mdogo alisimama matangani mbele za watu akamwambia mkubwa wake, "Mama umemuua wewe, kwa uzembe wako." Ulikuwa uongo, na mwenyewe alijua kuwa ni uongo. Miaka ikapita, maneno yale yakamkaa rohoni kama mwiba, akasema naenda kuomba radhi. Mkewe akamshonea shemeji yake kofia ya viua kwa mkono, akaitia kwenye mfuko. "Mpe hii kwanza," akamwambia, "halafu useme neno lako."

Amebakiza kichochoro kimoja kufika, akakuta watu wamejaa barazani. Sataranji! Ubao umechorwa kwa rangi ya nyumba, askari mmoja kapotea, wameweka kizibo cha soda. Na sheria ya pale ilikuwa moja: aliyeshindwa anainuka, aliyeshinda anabaki.

"Mgeni, karibu ucheze."

"Moja tu," akasema. Jiwe la baraza ni gumu, akauweka mfuko chini akaukalia. Akashinda. Jamani, angeshindwa ingekuwa heri yake! Lakini akashinda, akamshinda na aliyefuata, watu wakampigia makofi, na mtalii mmoja akampiga picha. Nani aliyemfunga kamba pale? Hakuna. Lakini nani kati yetu anabanduka mahali anapopigiwa makofi?

Habari hazilali. Kaka mtu akaambiwa, kuna mgeni barazani anacheka kama marehemu baba yako. Akajua ni nani. Basi aliyetukanwa, aliyesingiziwa roho ya mama yake, ndiye aliyevaa viatu kumfuata aliyemtukana. Mara ngapi nimewaambia kwamba mbora wa wawili walionuniana ni yule anayetangulia kutoa salamu? Alitangulia yeye. Akatoa salamu, akaketi mahali pa aliyeshindwa. Mdogo akaitikia, akainua macho, akamwona kaka yake, magoti yanakaribia kugusana.

Niambieni, kilibaki nini hapo? Neno moja tu! Lakini kaka huyo ndiye aliyemfundisha sataranji utotoni, na mdogo maisha yake yote hakuwahi kumfunga hata mara moja. Na watu nao wanachochea, "Huyu ndiye bingwa wetu, mgeni, leo utatueleza!" Nafsi ikamnong'oneza: mfunge kwanza, radhi utaomba baadaye.

"Umefika lini?" kaka akauliza.

"Cheza, kaka. Zamu yako."

Kaka akacheza. Mdogo akamla farasi, akamla malkia, akambana mfalme kwenye pembe ya ubao, akalipiga baraza kwa kiganja. "Mfalme wako amekufa!" Watu wakaangua kicheko. Kaka akainuka, maana ndiyo sheria, akasema polepole, "Twende nyumbani. Shemeji yako amepika."

"Tangulia," akamjibu, na mchezaji mwingine ameshaketi. "Nawamaliza hawa, nakuja."

Alikuja jua linazama. Akabisha hodi. Shemeji yake akafungua mlango kidogo, uso umemvimba kwa kulia. Mgeni akaitoa kofia mfukoni, na kofia yenyewe imebonyea, imekunjamana, haivaliki.

"Niitie kaka, shemeji. Nina neno naye."

"Yumo ndani. Amekungoja mpaka chakula kikapoa, hakukigusa. Amesema nikwambie, kule barazani aliyeshindwa huinuka. Naye ameshainuka."

Kisha akafunga mlango, na komeo likasikika.

Mnamsikitikia? Msimsikitikie, jisikitikieni. Sisi ndio tunaokwenda kwa ndugu zetu na radhi mfukoni, na tukifika tunaikalia. Kwenye kikao cha mirathi tunataka kwanza tushinde. Ndani ya nyumba, mke na mume, tunataka kwanza tushinde. Na tunashinda! Hodari wakubwa sisi. Tumewafunga kaka zetu, tumewafunga dada zetu, wengine tumewafunga hata waliotuzaa, halafu tunashangaa kwa nini siku ya Idi hatuna mlango wa kubisha.

Sasa hivi tutaswali. Mwisho wa swala tutageuza shingo kulia, tutageuza kushoto, tukisema amani iwe juu yenu. Na humu msikitini nawaona ndugu wawili, mmoja ameganda kwenye nguzo ya kulia, mwenzake kwenye nguzo ya kushoto, tangu Ramadhani. Siwataji. Mkigeuza shingo zenu, hiyo amani mtakuwa mnampa nani, nguzo?

Haya, simameni, nyosheni safu. Lakini mimi sitoi takbira mpaka nguzo moja ibaki haina mtu.