Nguchiro Anangoja Kufukuzwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaajiriana kwa mdomo, bila barua wala mhuri, Nguchiro alikuwa mpishi wa Bwana Kifaru. Kaeni vizuri. Na wewe unayechokonoa mkeka, nakuona.

Nguchiro alikuwa mdogo hasa. Akisimama nyuma ya chungu, unaona mkia tu. Lakini kisamvu chake, watoto wangu! Bwana Kifaru alikuwa akikionja, masikio yanacheza yenyewe. Miaka saba walikaa hivyo, mmoja akipika na mwingine akila, wakazoeana kama ndugu wa tumbo moja.

Mwaka wa nane mke wa Kifaru akasema, "Baba, kaka yangu Ngiri hana kazi. Mpe jiko."

Kifaru akakubali. Nani anaweza kumkatalia shemeji? Ila katika nchi ile kulikuwa na desturi. Ukimwachisha mtu kazi bila kosa, sharti umbebee mizigo yake mgongoni, mchana kweupe, hadi kwao. Kisha umlimie shamba kwa nguvu zako mwenyewe, apate pa kuanzia. Lakini akiacha kazi mwenyewe, anaweka mkeka wake kwapani, anakwenda zake.

Kifaru aliona haya. Bwana mkubwa kama yeye apite sokoni na vyungu vya Nguchiro mgongoni? Akaamua kumchosha, ili aondoke kwa hiari yake.

Jumatatu akampokonya ule mwiko mkubwa, akampa kijiti.

"Kuanzia leo utakoroga kwa hiki," alisema, akitazama pembeni.

"Ahsante, bwana. Mwiko ulikuwa unaniumiza bega."

Jumanne akamtoa chumbani, akamlaza kwenye banda la kuni.

"Ahsante, bwana. Huko ndani mnakoroma."

Jumatano akamtuma apeleke salamu kwa Kiboko, ng'ambo ya mto. Aliporudi, akaambiwa, "Nenda ukazirudishe zile salamu, nimeghairi."

"Ahsante, bwana. Miguu ilikuwa imelala."

Msidhani Nguchiro alikuwa anacheka moyoni. Alikuwa anaumia. Usiku alikishika kile kijiti, akakitazama, akajiuliza amekosa nini.

Siku ya mapumziko alikwenda kwake, kilimani kwenye mawe, kwa mkewe Mama Kitete na watoto wao kumi na mmoja.

"Acha kazi," Mama Kitete alisema. "Mtu hakutaki, wewe unamng'ang'ania wa nini? Rudi, tutakula tutakachopata."

"Tutapata wapi? Hebu tazama." Nguchiro akaparua ardhi kwa kucha zake, kwaru, kwaru, kwaru. Likatoka vumbi kidogo, na chini yake jiwe. "Nikiacha mwenyewe, watoto watakula mawe. Nikifukuzwa, pembe ya Kifaru italima kilima hiki kwa siku moja."

"Na asipokufukuza? Utakoroga kwa kijiti mpaka uote mvi?"

Hapo ndipo Nguchiro alipokwama.

"Basi unguza chakula, akufukuze," mkewe akasema.

"Nikifanya kosa, desturi inakufa, hanilimii hata tuta. Tena mimi kuunguza kisamvu siwezi, mke wangu. Mkono wenyewe unakataa."

Wakati huo watoto walianza kupiga miluzi. Watoto wa nguchiro ndivyo walivyo, wakiamka ni miluzi, wakishiba ni miluzi. Fii! Fii! Fii! Kumi na mmoja kwa pamoja. Mama Kitete akaziba masikio.

Nguchiro akawatazama wanawe mmoja mmoja, akaanza kutabasamu.

"Mama Kitete," alisema, "kunja mikeka."

Jioni ile Kifaru aliona msafara unaingia uani kwake.

"Hawa ni nani?"

"Familia yangu, bwana. Umenipa kijiti chepesi, banda zima peke yangu, na matembezi ya mtoni. Nimesema, bwana mwema namna hii simwachi mpaka kifo. Nikifa, Kitete atapika. Akichoka, atashika mdogo wake, hivyo hivyo mpaka wa kumi na mmoja. Tumehamia."

Kifaru akawahesabu watoto, akarudi ndani.

Sasa, Kifaru alikuwa na kitu kimoja anachokipenda kuliko hata kisamvu, nacho ni usingizi wa alfajiri. Alfajiri ya kwanza, fii! Ya pili, fii! Ya tatu akaweka mto juu ya kichwa, pembe ikautoboa, pamba zikamjaa puani.

Asubuhi ya nne akatoka nje, du, du, du, macho mekundu. Uani alimkuta Bi Korongo, mjumbe wa mtaa, anakunywa uji. Nguchiro alikuwa amemkaribisha.

"Nguchiro, nenda kwenu!"

"Kusalimia, bwana? Nitarudi jioni."

"Usirudi! Nimekuachisha kazi!"

Bi Korongo akaweka bakuli chini. "Kwa kosa gani?"

Kifaru angeweza kusema kaiba. Angeweza kusema mvivu. Lakini Kifaru, pamoja na ukubwa wake wote, hakuwa mwongo.

"Hana kosa," akasema taratibu. "Miaka saba, hana hata moja."

"Basi inama upakiwe," akasema Bi Korongo.

Wakampakia vyungu, wakampakia mikeka, na watoto kumi na mmoja juu ya mikeka, fii, fii. Kifaru akapita sokoni ameinamisha kichwa, akingoja kuzomewa. Hakuzomewa. Muuza ndizi mmoja alisema, "Bwana Kifaru anajua kuaga mtu." Akainua kichwa kidogo.

Kule kilimani akalima. Ng'wa! Jiwe likaruka. Ng'wa! Jingine. Jua la utosi likakuta shamba zima jeusi, laini, linangoja mbegu. Nguchiro akampakulia kisamvu. Kifaru akala, masikio yakacheza, na machozi yakamtoka.

"Nguchiro, shemeji yangu ndiye aliyelitaka jiko. Wewe mbona ulinifanyia vile?"

"Nawe mbona hukuniambia? Ungesema, 'Rafiki yangu, shemeji amenibana, nisaidie,' ningekunja mkeka jioni ile ile. Shamba tungelitafutia njia. Kijiti ndicho kilichonikaza moyo."

Kifaru akaenda kwenye mizigo, akapekua chini ya mikeka, akatoa ule mwiko mkubwa. Alikuwa ameuficha humo mwenyewe asubuhi ile, kabla ya kuinama.

"Ni wako," alisema. "Ngiri hana haja nao, hangoji kitu kiive."

Nguchiro akaupokea kwa mikono miwili, akaukumbatia. Kisha akakivunja kile kijiti, akakitia motoni, wakachemshia chai.

Mimi nimefika hapo, na nyinyi mshike hili moja: ukitaka mwenzako aondoke, mwambie kwa kinywa chako, usikitume kijiti kikamwambie.