Nafasi Moja ya Kurudi Nyumbani

Hapo zamani, zamani hii ya juzi ambayo simu zilikuwepo na serikali zilishajifunza kuwaita watumishi wa ng'ambo "mashujaa wetu", wanawake watatu wa nchi moja walifanya kazi za ndani katika jengo moja ughaibuni. Nasambu ghorofa ya juu, Kadzo ya katikati, Chelagat ya chini. Hawakuwahi kukaa pamoja hata mara moja. Walijuana kwa sauti tu, maana madirisha ya jikoni yote yalitazama uwazi mmoja mwembamba wa kupitishia mabomba, na wakati wa kuosha vyombo ndipo waliposalimiana, wakaulizana ya nyumbani na kuwasengenya mabosi.

Siku moja Kadzo alimwomba bosi wake pasipoti yake. Kosa lake ni hilo tu. Bosi akamfungia jikoni, akatia kufuli friji na kabati la chakula, akamwambia agonge mlango akishasahau habari za pasipoti. Kadzo hakugonga.

Nasambu aliposikia, alifunga leso kwa leso, akaning'iniza kindoo, akateremsha makoko ya wali. Jioni ile ndoo ikashuka, ndoo ikapanda. Kesho yake ndoo ikashuka, ndoo ikapanda. Kadzo akaishi.

Chelagat alikuwa chini, hangeweza kumpandishia mtu kitu. Alichokuwa nacho ni simu aliyoificha kwenye gunia la mchele. Akaipigia ofisi ya maslahi ya wafanyakazi, kule ubalozini. Akaulizwa: huyo Kadzo amejiandikisha? Hakuwa amejiandikisha, maana wakala alimpitisha nchi jirani kama mtalii. Kesho akapiga tena. Amejiandikisha? Akapiga mpaka mpokea simu akaizoea sauti yake, akamjulia hali, kisha akamuuliza: amejiandikisha? Chelagat mwenyewe hakujiandikisha. Katika jengo zima aliyefuata utaratibu ni Nasambu peke yake. Ndiye aliyepanga foleni, akachukuliwa alama za vidole, akatoa mchango wake wa mfuko wa kuwarejesha wafanyakazi nyumbani kabla ya kuondoka. Lakini Nasambu hakuwa na shida, kwa hiyo serikali haikuwa na habari naye.

Basi jioni moja leso ikanasa kwenye bomba. Nasambu akainama kuinasua, akainama zaidi, akaanguka hadi chini, mbele ya dirisha la Chelagat.

Hapo sasa jina likapatikana. Aliyejiandikisha amekufa, na afisa wa maslahi akafika siku ya pili na tai yake shingoni. Polisi walipouliza marehemu alikuwa akifanya nini dirishani, mabosi wote wakasema hawajui, na bosi wa Chelagat akamkazia macho mtumishi wake. Chelagat akasema. Akasema ndoo ilikuwa ya nani, chakula kilikuwa cha nani, mlango uliofungwa ni upi. Kadzo akatolewa amebebwa, kwani miguu ilikuwa haimshiki tena. Chelagat naye akafukuzwa, kisha bosi wake akamshtaki kuwa ametoroka kazini, na kule mtoro hufungwa.

Afisa akawakalisha wote wawili ofisini, akawapa chai, akawaambia serikali inawajali sana. Kisha akaeleza kwamba mfuko humrudisha nyumbani mtu mmoja, yaani yule aliyejiandikisha, awe hai au awe maiti. Ila jamaa zake wakiridhia, nafasi hiyo yaweza kupewa mwingine. Kama si Nasambu, atazikwa makaburi ya hukohuko. Kama si Chelagat, atapelekwa polisi. Kama si Kadzo, atarudishwa kwa bosi aliyemgharimia safari ya kuja. Kadzo akauliza kwa nini wasirudi wote. Afisa akacheka kidogo, wala si kwa ubaya, akampigia simu mama yake Nasambu, akamweleza yote.

Huko nyumbani kaburi lilishachimbwa. Kwao, mtu akifia mbali na mwili usirudi, huzikwa mgomba badala yake, na watu huulilia mgomba ule kama mtu. Mama huyu aliwahi kuliona jambo hilo kwa jirani. Hadi leo jirani yule hutoka nje kila pikipiki inaposimama njiani.

"Nileteeni mwanangu," akasema. "Nafasi ni yake, aliitolea jasho. Amekufa akimlisha mtoto wa mama mwingine. Watoto wake wako hapa wananitazama. Niwaambie mama yenu ni huu mgomba?"

Afisa akampa Kadzo simu.

"Mama, makoko ya mwanao ndiyo yaliyonifikisha leo. Sina mdomo wa kukuambia nipande mimi. Lakini nikirudishwa katika jiko lile, ghorofa ya juu hakuna mtu tena."

Kadzo akampa Chelagat simu.

"Mimi, Mama, ningenyamaza ningekuwa na kazi yangu mpaka sasa. Bila mimi wangekuambia mwanao alijirusha, na Kadzo angekuwa angali amefungiwa. Nimewasemea wote wawili. Mimi nani atanisemea?"

Afisa akatazama saa, akasema kwa heshima zote kwamba shirika la ndege linasubiri jibu.

Sasa nijibuni nyinyi mnaosikiliza, na msinijibu kwa mkato. Msiniambie warudi wote watatu, hilo Kadzo alishalisema na mmesikia alivyochekwa. Msiniambie serikali ione haya, mimi nimeisubiri ione haya tangu nikiwa kijana. Na msiniambie aliye hai amtangulie aliyekufa, kabla hamjanitajia ni yupi kati ya wale walio hai, na kabla hamjampata mtu wa kwenda kusimama na watoto wale kaburini, mgomba ukishushwa.

Mama ameshika simu, na watoto wa Nasambu wamemshika gauni. Je, nani apande ndege ile?