Kiboko Apanda Treni Kwenda kwa Jirani

Ngano, ngano!
(Ije!)
Ije kwa miguu?
(Ije mbio!)
Mbio za nani?
(Za mwenye habari!)

Basi sogeeni. Leo nina kazi yenu. Nikiuliza, "Imefika?" nyinyi mnajibu, "Bado!" Tujaribu. Imefika?
(Bado!)
Vizuri. Wewe wa nyuma umechelewa, lakini hatukuachi, hii si treni.

Hapo kale palikuwa na Sange. Mnamjua Sange? Mdogo, anatoshea kwenye kiatu, na ana pua ndefu isiyotulia. Pua ikinusa hapa, anauliza. Pua ikinusa pale, anauliza. Kwa nini mvua inanuka kabla haijanyesha? Mchwa wakigombana, nani anawaamua? Mkewe alishamzoea. Alikuwa akimjibu, "Sijui, baba watoto. Kafagie njia."

Maana Sange alikuwa na njia yake. Ilianzia mlangoni kwake, chini ya gogo, ikanyooka katikati ya nyasi mpaka kwenye kichuguu. Kila asubuhi aliifagia kwa miguu ya mbele: fya, fya, fya. Jani likianguka, fya! Kijiti kikianguka, fya! Wala haikuwa kwa ajili ya urembo. Mwewe akitokea juu na Sange yuko kwenye njia yake, hakamatiki: vup! yuko nyumbani. Nje ya njia hiyo, Sange ni kitoweo.

Mkubwa wa nchi alikuwa Kiboko. Mchana kutwa alikaa bwawani, macho na pua tu juu ya maji, kwa sababu jua likimpiga, ngozi inampasuka. Giza likiingia ndipo anatoka kwenda kula. Karibu na bwawa alikuwa na uwanja wake wa majani, mabichi, laini, na ole wake atakayekanyaga! Wenzake walitafuna vijiti, yeye alikula majani. Kwa ulimi aliyajua vizuri sana. Kwa macho, mchana kweupe, hakuwahi kuyaona hata siku moja.

Siku moja Kiboko akaunguruma: "Hoh! Hoh! Hoh!" Wanyama wakakusanyika kando ya bwawa.

"Wananchi," akasema, "tunajenga treni ya kasi! Itatoka hapa, itavuka vilima vile, itaingia nchi ya jirani. Utakunywa uji hapa, na kabla haujapoa tumboni, uko kwa jirani unakula ubwabwa!"

Wanyama wakapiga makofi. Sange alipiga kuliko wote. Tangu akiwa mtoto alitaka kujua nyuma ya vilima vile kuna nini. Je, mchwa wa huko wana ladha gani? Je, wakisalimiana wanasemaje? Lakini Kiboko yeye alikuwa anawaza jambo moja tu: majani yangu nimeshayajua, sasa nikale ya jirani.

Vigingi vikapigwa, ko! ko! ko! kutoka bwawani, moja kwa moja kuelekea vilimani. Kimoja kilipigwa wapi? Juu ya gogo la Sange, katikati kabisa.

"Tumeambiwa tuhame," mkewe akasema. Alikuwa amejifungua mapacha siku ile ile. "Tutahamia wapi? Huko hatuna njia. Mwewe atatumaliza, atawaanza hawa wadogo."

"Ni kweli," Sange akasema. "Lakini unajua ninachojiuliza? Treni ikiwa mbioni, dereva akiwashwa mgongoni, anajikunaje?"

"Nyumba inabomolewa, wewe unauliza dereva anajikunaje! Nenda kwa huyo Kiboko ukaulize huko!"

Sange akaenda.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Nani anasema?"

"Mimi Sange, niko huku chini. Samahani, nauliza tu."

"Uliza, mdogo wangu, lakini upesi."

"Treni itasimama wapi na wapi?"

"Haisimami popote. Ya kasi hiyo!"

"Sawa, Mheshimiwa. Nauliza tu: na kantini je?"

Kiboko akatoa kichwa chote majini. "Kantini gani?"

"Penye kituo huwa pana kantini. Mihogo, maandazi, matikiti. Pasipo na kituo, hapana kantini. Nauliza tu."

Kiboko akafikiri. Akifikiri hutoa mapovu: blu, blu, blu. "Weka kituo! Kiwekwe kwangu, kwenye bwawa langu la matope."

Bwawa la matope lilikuwa upande mwingine kabisa. Reli ikapinda.

Kesho yake: "Samahani, Mheshimiwa, nauliza tu. Kituo cha pili je? Faru anasema kwake kuna nafasi."

"Faru ale matikiti, mimi niangalie? Weka kwangu, kwenye matete yangu!"

Reli ikapinda.

Kesho yake tena: "Samahani, Mheshimiwa, nauliza tu. Kituo cha tatu je? Nyati anasema kwake kuna kivuli."

"Nyati ale mihogo, mimi nimeze mate? Weka kwangu, kwenye chumvi yangu!"

Reli ikapinda tena. Imefika kwa jirani?
(Bado!)

Kigingi cha kwenye gogo kilikuwa kimeshang'olewa, na Sange angeweza kulala. Lakini Kiboko akasema, "Sasa kutoka kwenye chumvi, reli inyooke mpaka vilimani." Sange akapima kwa pua. Ikinyooka kutoka hapo, itapita wapi? Juu ya gogo, palepale.

Akauliza tena.

"Samahani, Mheshimiwa. Kituo cha mwisho, kule kwa jirani, kiwekwe penye nini?"

"Penye majani, wewe! Unadhani naenda kuangalia vilima? Wewe si ndiye fundi wa njia hapa nchini? Basi iongoze hiyo reli wewe mwenyewe. Nataka iishie penye majani mazuri kuliko yote uliyowahi kuyaona. Ukinipeleka penye majani mabaya, nitakukalia."

Mnamjua Kiboko akikalia mtu? Basi.

Sange akarudi nyumbani. Hakula. Majani mazuri kuliko yote aliyowahi kuyaona! Nyuma ya vilima hajawahi kufika, huko ameona nini? Hajaona kitu. Ya huku ameyaona yote, na mazuri kuliko yote yako wapi?

Pua yake ikatulia. Mkewe akashtuka, maana haikuwahi kutulia.

"Mheshimiwa ameagiza," Sange akasema, "na mimi nitatii."

Akaiongoza reli. Kutoka kwenye chumvi ikazunguka nyuma ya kichaka, ikashuka polepole, ikaishia kwenye uwanja wa majani wa Kiboko mwenyewe, ule upande ambao yeye hapitagi. Waliojenga waliona. Tembo aliona, Pundamilia aliona, Ngiri aliona akacheka mpaka akakaa chini. Lakini nani amwambie Mheshimiwa? Wao hawakuulizwa.

Siku ya uzinduzi ikafika, asubuhi, jua linawaka. Treni imechongoka mbele, ina pua ndefu. Sange alipoiona alifurahi sana, akamwambia mkewe, "Umeona? Imetoka kwetu." Kiboko akajipaka matope ya kumkinga na jua, akapanda, akafunga mapazia yote. Sange akakaa kwenye dirisha lake, amefunua pazia kidogo, pua nje.

Vuuuuu! Bwawa la matope. Kiboko akala matikiti. Imefika?
(Bado!)
Vuuuuu! Matete. Kiboko akala mihogo. Imefika?
(Bado!)
Vuuuuu! Chumvi. Kiboko akala maandazi, akasinzia. Imefika?
(Bado!)
Vuuuuu! Kss! Mlango ukafunguka. Sasa semeni, "Imefika!"
(Imefika!)

Kiboko akatoka, akafinya macho. Mbele yake majani, ya kijani, yanang'aa kwa jua.

"Lo! Lo! Lo!" akasema. "Hii ndiyo nchi! Hawa wenzetu wameendelea!"

Wanyama walikuwa wamesimama kwenye mstari. Kiboko akawapungia.

"Hamjambo, watu wa ng'ambo!"

Hakuna aliyejibu. Sange akaona yamekwisha, sasa anakaliwa. Ndipo mkewe akajitokeza na mapacha wake. "Hatujambo," akasema. "Karibu sana, mgeni."

"Mbona mnafanana na watu wangu?"

"Ni majirani, Mheshimiwa," Sange akadakia.

"Kweli, kweli. Na mwenye majani haya ni nani?"

"Ni mkubwa mmoja hivi, mnene. Haruhusu mtu akanyage hapa. Na mchana haonekani, amejificha."

Kiboko akacheka, hoh! hoh! "Mchoyo na mjinga! Majani kama haya, halafu yeye amelala! Nitamfundisha adabu." Akazamisha mdomo. Ng'waf, ng'waf, ng'waf! Kisha akainua kichwa. "Na nyinyi, mnashangaa nini? Kuleni! Mnamwogopa huyo bwege?"

Walikuwa wameungoja mwaliko huo tangu wazaliwe. Tembo akala. Pundamilia akala, machozi yanamtoka kwa utamu. Ngiri akapiga magoti akala. Wakala mpaka ukabaki udongo mtupu.

Kiboko akashukuru, akapanda treni, akafunga mapazia. Vuuuuu! Akarudi kwake. Jua lilipozama, akatoka bwawani kama kawaida yake kwenda kuonja ya nyumbani. Akainama. Ng'waf! Mchanga. Akasogea. Ng'waf! Jiwe.

"Hoh!" Kilio hicho kilisikika mpaka vilimani. "Nani kala majani yangu?"

Sange alikuwa anapita.

"Samahani, Mheshimiwa," akasema. "Nauliza tu. Treni ikikupeleka wewe kwa jirani, haiwezi kumleta jirani kwako?"

Kiboko akafikiri. Blu, blu, blu, japo hapakuwa na maji.

"Kumbe!" akasema. "Mimi nakula kwake, yeye anakula kwangu! Mwizi mkubwa! Ng'oeni reli!"

Reli ikang'olewa. Majani yalipoota tena, Kiboko akatoa amri: kila asubuhi wananchi wote waje wayale upesi, jirani asije akawahi. Na amri hiyo inafuatwa hadi leo, tena kwa bidii.

Na Sange? Gogo lake lipo. Ila ile hamu ya vilima haikumtoka, na treni ya kweli ya kwenda kwa jirani hakuiona. Basi kila asubuhi, akimaliza njia yake, anaongeza kipande kidogo kuelekea vilimani: fya, fya, fya. Mapacha wanamfuata nyuma mbio, vuuuu, wanauliza kila kitu. Wamefika kwa jirani?
(Bado!)

Sasa funzo, maana bila funzo mtasema nimewapotezea muda. Watoto wazuri, ukisafiri kwenda nchi nyingine, usiulizeulize maswali. Kaa kwenye kiti chako, funga pazia, kula unachopewa. Ukifika utaambiwa.

Ngano imefika kituoni!
(Ishuke!)
Ishuke na nani?
(Na aliyeisikia!)